Lori Kuukuu na Kiu ya Dizeli: Majibu kwa Wasomaji

Maswali ya safari hii yanahusu malori yaliyotengenezwa kabla injini hazijafungwa kompyuta: pampu ya dizeli inayoendeshwa kwa gia, nozo za kawaida (ncha zinazomwaga dizeli ndani ya silinda), au kabureta. Maswali yenye kazi ya kufanya tumeyajibu kwa kirefu. Yenye jibu moja yamepata jibu moja.

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Nina lori la tani 7, dizeli, silinda 6, lina miaka 27. Zamani lilikuwa likila lita 25 kwa kilomita 100, sasa linafika 33 kwa mzigo uleule na njia ileile. Fundi anataka kunifungia nozo zenye matundu makubwa zaidi na kufungua pampu kidogo "ili lisitaabike". Nimkubalie?

Jibu: Usimkubalie. Nozo yenye tundu kubwa humwaga dizeli nyingi zaidi kwa kila pigo, na kwa kuwa pampu ni ileile, dizeli hiyo hutoka ikiwa matone manene badala ya ukungu. Tone nene haliwahi kuungua lote. Linalobaki hupita ekzosi likiwa moshi mweusi. Mlimani lori litavuta vizuri zaidi, lakini utakuwa umeinunua nguvu hiyo kwa dizeli. Wewe una lita 8 zilizopotea mahali fulani. Zitafutwe kwanza.

Anzia chini, kabla ya kugusa injini. Endesha kilomita 20, kisha liache lori lisimame lenyewe kwenye tambarare bila kukanyaga breki sana. Pita kwenye kila habu na usogeze mgongo wa kiganja karibu na dramu, bila kulishika. Lenye joto kuliko wenzake lina breki isiyoachia au beringi iliyokazwa kupita kiasi. Tairi nazo zipimwe upepo zikiwa baridi, asubuhi: kila psi 10 zinazopungua hula kati ya nusu asilimia na asilimia 1 ya mafuta. Tairi ya ndani kwenye magurudumu pacha ndiyo husahaulika, maana kufikia valvu yake ni usumbufu.

Halafu hewa. Filta ya karatasi ibadilishwe, isipigwe kwenye tairi ili vumbi litoke. Ukiipiga hivyo karatasi hupasuka kwenye mikunjo na vumbi huingia moja kwa moja kwenye silinda. Kama injini ina tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa), paka maji ya sabuni kila hozi kati ya tabo na manifoldi, mwenzako akanyage mafuta, wewe tazama mapovu. Injini ikiwa bila mzigo shinikizo ni dogo, kwa hiyo ufa mdogo unaweza kujificha. Kuondoa shaka, ziba mfumo na uujaze upepo wa kompresa usiozidi baa 2, funga bomba, kisha tazama geji: ikishuka zaidi ya baa 0.35 ndani ya sekunde 15, kuna pengo la kutafutwa.

Sasa valvu. Injini ikiwa baridi, fungua kava. Silinda 6 zenye mpangilio wa kuwaka 1-5-3-6-2-4 huenda kwa jozi: 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4. Zungusha krenki hadi valvu za silinda ya 6 zipishane, yaani ya ekzosi inamalizia kufunga na ya hewa inaanza kufungua. Hapo seti nafasi ya valvu za silinda ya 1, yaani upenyo kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Zungusha theluthi ya mzunguko, zitapishana za 2, seti za 5. Endelea hivyo hadi zote sita ziishe. Tumia nafasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini au kibati chake, wala usikopi ya lori la jirani. Fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo, kisha kaza nati na upime tena, kwa sababu nati huivuta skrubu inapokazwa. Valvu yenye nafasi kubwa huchelewa kufungua na huwahi kufunga, hivyo silinda hupata hewa pungufu. Isiyo na nafasi kabisa haikai vizuri kitini, kompresheni huvuja, na mwisho wake valvu huungua.

Nozo ndizo zinazostahili muda wako mwingi. Zitolewe zote na zifungwe moja moja kwenye pampu ya kupimia. Injini ambazo dizeli humwagwa moja kwa moja juu ya pistoni kwa kawaida hutaka nozo ifunguke kati ya baa 180 na 250. Zile zenye chumba kidogo cha kuwashia hutaka karibu baa 110 hadi 150. Springi huchoka, na nozo iliyosetiwa baa 220 ikiwa mpya si ajabu kuikuta inafunguka kwa 180. Hurekebishwa kwa kuongeza vibati vyembamba juu ya springi au kukaza skrubu yake, na zote zilingane. Kisha panda hadi baa 20 chini ya shinikizo la kufungukia, ushikilie hapo sekunde 10. Ncha ikilowa kidogo tu, sawa. Ikidondosha tone, kiti cha sindano kimeharibika na ncha ibadilishwe. Angalia na ukungu: utoke sawasawa kwenye kila tundu, bila uzi mmoja mrefu wa maji. Mkono usikaribie ukungu huo hata kidogo. Dizeli ya shinikizo hilo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na kinachofuata ni hospitali.

Kabla ya kurudisha nozo, mulika ndani ya shimo lake kwa tochi. Mara nyingi washa ya zamani ya shaba hubaki imeganda chini, fundi asiione, akaweka mpya juu yake. Nozo yenye washa mbili hupanda milimita moja na nusu au mbili, ukungu ukakosa bakuli la pistoni na kugonga mahali pengine. Lori hutoa moshi, pampu inalaumiwa, nozo zinanunuliwa upya, na kumbe kosa ni washa ile. Ichokoe kwa waya uliopindwa ncha, safisha kiti, weka moja mpya.

Mwisho taimingi ya pampu. Gia na kapling zinapochakaa, pampu huanza kusukuma dizeli nyuzi kadhaa za mzunguko wa krenki baada ya wakati wake. Moto unawaka pistoni ikiwa tayari inashuka, na joto linaishia ekzosi badala ya kusukuma. Kwa pampu ya mstari, yaani yenye pistoni ndogo zilizopangwa safu moja, toa kishikizo cha valvu ya pampu kwenye njia ya silinda ya 1, ondoa valvu na springi yake, rudisha kishikizo kitupu na ukifunge kijibomba kilichopinda kama shingo ya bata. Mkono wa kuzimia uwe kwenye nafasi ya kuwaka. Silinda ya 1 iwe kwenye kompresheni, karibu nyuzi 40 kabla ya kufika juu. Pampu ya mkono ipigwe taratibu, dizeli itiririke, huku mwenzako akizungusha krenki polepole kuelekea mbele. Mtiririko ukikatika na kubaki tone moja moja, simama: hapo ndipo pampu inapoanza kusukuma. Soma alama ya flaiwili au puli na ulinganishe na kitabu. Ikiwa imechelewa, legeza bolti za flanji na uzungushe mwili wa pampu kinyume cha mwelekeo wa shafti yake. Kisha rudisha krenki nyuma zaidi ya alama na uje tena kutoka upande uleule, ili ulegevu wa gia usikudanganye. Usiiwahishe kuliko kitabu kinavyosema kwa tamaa ya kupata zaidi: injini itagonga kama nyundo na gasketi ya hedi ndiyo italipa.

Hayo yote yakifanyika na moshi ukabaki, pima kompresheni. Silinda zikitofautiana sana, fedha yako ipeleke kwenye ringi na valvu. Lori lenye pistoni zinazovuja haliponi kwa nozo mpya.

Swali: Lori langu lilijengwa kwa kazi ya machimbo, sasa linabeba mizigo kwenye lami tambarare. Nikifika kilomita 80 kwa saa injini inalia mizunguko karibu 2,600. Naambiwa nibadilishe difu (gia za ekseli ya nyuma). Inasaidia kweli?

Jibu: Kwa lori kama lako, hili ndilo badiliko moja la chuma ambalo tungelipa kipaumbele, mradi injini iwe nzima. Dizeli kubwa hutumia mafuta vizuri zaidi karibu na mizunguko ambayo nguvu yake ya kuvuta ni kubwa kuliko zote, na hapo ni chini sana ya 2,600.

Piga hesabu kabla ya kununua chochote. Chora chaki kwenye tairi ya nyuma na chini yake, lori likiwa na mzigo, lisogee mzunguko mmoja kamili, pima kwa futi kamba. Tuseme umepata mita 3.2. Kilomita 80 kwa saa ni mita 1,333 kwa dakika, yaani gurudumu linazunguka mara 417. Meno ya difu huandikwa kwenye krauni (gia yake kubwa) au kibati cha ekseli: 37 kwa 6 ni uwiano wa 6.17. Kwa gia ya juu isiyoongeza wala kupunguza mwendo, 417 mara 6.17 ni 2,571, ndiyo sauti unayoisikia. Ukipata difu ya meno 39 kwa 8, uwiano 4.88, mwendo uleule utapatikana kwa mizunguko 2,033. Kama feni yako haina klachi kuna faida ya ziada, kwa sababu nguvu inayotakiwa na feni hupanda kwa mchemraba wa mizunguko: kwa 2,033 itataka karibu nusu ya ilichotaka kwa 2,571.

Kibati kikikosekana, inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka vizuizi mbele, gia huru. Zungusha magurudumu yote mzunguko mmoja kwa pamoja na uhesabu propela, shafti inayotoka gia boksi hadi difu, imezunguka mara ngapi. Ukizungusha gurudumu moja huku la pili limetulia utapata nusu ya uwiano. Wapo walionunua difu isiyo yao kwa kusahau hilo.

Hasara yake ni mlimani. Nguvu inayofika magurudumuni kwa kila gia itapungua kwa asilimia 21. Fikiria njia yako: kama leo kuna milima unayoipanda kwa gia ya juu na pedali imefika chini, kwa difu mpya utashuka gia. Ikiwa ni mara mbili kwa safari, si neno. Ikiwa ni nusu ya safari, acha, kwa sababu utaishia kuendesha gia ya chini yake kwa mizunguko ileile ya zamani. Kuondoka na mzigo nako kutakuwa kuzito zaidi, na klachi itasikia.

Tafuta kichwa kizima cha difu kutoka ekseli ya aina ileile, hiyo ni salama kuliko kununua krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) peke yake. Meno hayo huuzwa kwa jozi iliyosagwa pamoja. Ukichanganya krauni ya huku na pinioni ya kule, difu italia na kuisha. Lori lenye ekseli mbili za kuvuta lazima zibadilishwe zote kwa uwiano mmoja, la sivyo zitapigana zenyewe kwa zenyewe. Usisahau spidi mita. Inasoma kutoka gia boksi, kwa hiyo baada ya kazi itaonyesha 63 wakati unakwenda 80. Odomita nayo itahesabu kilomita pungufu, ndipo mtu anapopiga hesabu ya mafuta na kuona mambo yamekuwa mabaya zaidi.

Swali: Shikamooni. Injini yangu haina tabo. Nikiifunga tabo ya lori jingine, si itaunguza mafuta vizuri zaidi?

Jibu: Marahaba. Itaunguza vizuri zaidi kidogo, lakini gharama na hatari havilingani na nafuu hiyo. Injini zinazotoka kiwandani na tabo mara nyingi hupewa kompresheni ndogo zaidi, ringi imara zaidi, pampu kubwa ya oili, na vijibomba vinavyorusha oili chini ya pistoni ili kuipoza. Yako huenda haina hata kimoja.

Ukiamua kufanya hata hivyo, shinikizo lisipite baa 0.5. Oili ya tabo itoke kwenye njia kuu yenye shinikizo, na bomba la kurudisha liwe na upana wa ndani wa milimita 16 hadi 19, lishuke moja kwa moja na kuingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likipanda au kulala mahali popote, oili hujaa kwenye tabo na kuvuja kupitia sili zake. Moshi wa buluu utakaouona hautakuwa kosa la tabo. Funga geji ya joto la ekzosi kabla ya tabo na usiruhusu ikae juu ya nyuzi 700 za selsiasi. Skrubu ya pampu usiiguse, kwa sababu ukiongeza dizeli umeshaacha safari ya kubana matumizi. Wenye haja ya kweli ya tabo wafunge injini nzima ya toleo lililotoka nayo.

Swali: Themostati yangu, ile valvu ya maji inayofunguka kwa joto, ilitolewa zamani ili injini isichemke. Je, ina uhusiano na mafuta?

Jibu: Mkubwa. Injini iliyoundwa kufanya kazi kwa nyuzi 82 ikizunguka na maji ya nyuzi 55, kuta za silinda hunyonya joto ambalo lingesukuma pistoni, oili hubaki nzito, na silinda huchakaa haraka kwa unyevu wenye asidi unaoganda ukutani. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi themostati inapofunguka huziba njia ya pembeni inayorudisha maji bila kupita radieta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na mlimani sehemu ya maji ya moto huikwepa radieta. Kwa hiyo injini huwa baridi tambarare na huchemka mlimani.

Rudisha themostati ya nyuzi zilizoandikwa. Ijaribu kwanza: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Ya nyuzi 82 ianze kufunguka hapo karibu, na ikaribiapo 95 iwe wazi kabisa. Kama baada ya hapo injini inachemka, radieta imeziba au mkanda wa feni unateleza, na hilo ndilo lililofichwa miaka yote.

Swali: Vipi sumaku za kubana kwenye bomba la dizeli, na kile kifaa cha kutengeneza gesi ya hidrojeni kutoka maji?

Jibu: Sumaku haifanyi lolote kwa dizeli. Kifaa cha hidrojeni angalau kinaweza kupigiwa hesabu. Tuseme kinakula ampia 20 kwa volti 14, ni wati 280. Altaneta yenye ufanisi wa asilimia 60 itavuta karibu wati 470 kutoka kwenye mkanda ili kuzitoa. Gesi itakayopatikana itabeba chini ya wati 280 za joto, na injini itageuza kama theluthi yake tu kuwa kazi. Umetoa 470, umerudishiwa chini ya 100. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekagua vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kupunguza mafuta. Karibu vyote havikuonyesha nafuu ya maana.

Swali: Kuchanganya mafuta ya taa na dizeli kunapunguza ulaji?

Jibu: Kunaongeza. Lita ya mafuta ya taa ni nyepesi kuliko ya dizeli na ina nishati pungufu, hivyo utahitaji lita nyingi zaidi kwa kazi ileile. Na hayalainishi vizuri. Pampu ya mzunguko hulainishwa yote na mafuta yanayopita ndani yake. Ya mstari ina oili chini, lakini pistoni zake ndogo hutegemea dizeli vilevile. Zikichubuka, dizeli huvuja pembeni yake, injini inakuwa ngumu kuwaka ikiwa moto, na taimingi inachelewa.

Swali: Langu ni lori dogo la petroli la mwaka 1984, lenye kabureta na kontakti (swichi ya cheche ndani ya distributa). Linanuka petroli.

Jibu: Vuta stiki ya oili na uinuse kwanza. Ikinuka petroli na usawa umepanda, diaframu ya pampu ya mafuta imepasuka na petroli inashukia sampu. Usiliendeshe mpaka ubadilishe pampu na oili. Baada ya hapo angalia kama choki inafunguka kabisa injini ikipata moto, kisha usawa wa boya ndani ya kabureta. Jeti zioshwe na kupulizwa, zisichokolewe kwa waya. Jeti ya milimita 1.20 ikipanuka hadi 1.25 imeongeza eneo lake kwa karibu asilimia 8.5, na jicho haliwezi kuliona hilo. Kontakti iwe kwenye nafasi ya kitabu, kwa kawaida karibu milimita 0.4 hadi 0.5, na irekebishwe kabla ya taimingi, kwa sababu ukiigusa taimingi husogea. Nyonya hozi ya vakyumu ya distributa kwa mdomo huku umefungua kifuniko: kibao cha ndani kisiposogea na kubaki hapo, diaframu yake imetoboka, na kwenye mwendo wa kawaida cheche inachelewa. Watu wengi hulaumu kabureta kwa kosa hilo.

Swali: Nimefanya marekebisho, safari moja napata nafuu ya asilimia 3, nyingine sipati kitu. Nani mwongo?

Jibu: Huenda ni tangi. Dizeli hutanuka kwa takribani asilimia 0.083 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Ukijaza lita 100 za asubuhi ya baridi na mara nyingine lita 100 za mchana wenye nyuzi 20 zaidi, tofauti ni zaidi ya lita moja na nusu kabla injini haijawaka. Ongeza lori lililosimama kwa mteremko kidogo, povu, na dereva aliyeenda 90 badala ya 80, mwendo ambao ukinzani wa upepo ni mkubwa kwa asilimia 27.

Jaza mpaka shingo ya tangi, kwenye pampu ileile, lori likiwa limesimama palepale na kuelekea upande uleule, saa ileile ya siku. Subiri povu lishuke, jaza tena. Andika odomita baada ya kuihakiki kwa vibao vya kilomita vya barabarani. Tembea si chini ya kilomita 1,000 kwa mzigo unaojulikana, na saa ambazo injini inaunguruma imesimama ziandikwe kando, maana kila saa ya hivyo hula lita 2 hadi 3 kwenye injini kubwa. Badilisha kitu kimoja tu kati ya kipimo na kipimo. Ukifunga nozo, difu na tairi mpya katika wiki moja, hutajua ni kipi cha kurudia kwenye lori la pili.